Mtu Aliyeandika Jangwa

Jamhuri Tulivu ya Nyamazani ilikuwa na kila kitu isipokuwa jangwa. Ilikuwa na mito saba, misitu, ziwa lenye samaki, mawaziri hamsini na wanne, na wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja ambazo sharti ziimbwe zote watu wakiwa wima. Wananchi hawakuwahi kulalamika kwamba wamekosa jangwa. Kwa kweli hawakuwa na desturi ya kulalamika juu ya jambo lolote, ndiyo maana nchi iliitwa tulivu.

Mtu aliyewaletea jangwa aliitwa Ananias Chitemo. Alikuwa Mpima wa Ardhi ya Amana, mgane wa miaka hamsini na miwili, mpole, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati na sifa ya kutokosea hata hatua moja. Aliishi na binti yake mmoja, Faraja, na katika maisha yake yote hakuwahi kuiba hata rula ya ofisi.

Ardhi ya Amana lilikuwa jambo la tangu uhuru. Waasisi wa nchi, kabla hawajaanza kugombana, walitenga mashamba katika kila wilaya wakasema: haya ni ya watoto. Serikali itayashika kwa niaba yao, itayakodisha kwa wakulima kwa bei ya haki, na kodi yote itakwenda katika shule za umma kununua madawati, vitabu, mabati na chaki. Shamba kubwa kuliko yote lilikuwa Bonde la Lukomba, ekari elfu sita. Nusu ilikuwa mpunga, nusu misaji iliyopandwa na wazazi kwa mikono yao, miti minene ambayo watu wawili wakishikana mikono hawaumalizi mmoja kuuzunguka.

Sheria ya Amana ilikuwa kali. Kifungu cha kumi na nne kilisema ardhi hiyo haiuzwi, haigawiwi, wala haikodishwi chini ya bei ya soko, isipokuwa ikiwa jangwa. Ikiwa jangwa, yeyote atakayejitolea kuishi humo atapewa kwa miaka tisini na tisa, bure, pamoja na shukrani za Taifa. Waasisi walikiweka kifungu hicho kwa sababu walikuwa wameinakili sheria ya nchi nyingine na hawakuisoma mpaka mwisho.

Aliyeisoma mpaka mwisho alikuwa Mheshimiwa Daktari Mhandisi Balozi Pazi Kidunda, Waziri wa Ardhi, Urithi na Mambo Yanayofanana na Hayo. Asubuhi moja alimwita Ananias ofisini kwake, akamkaribisha chai kwa mkono wake mwenyewe. Ananias aliogopa papo hapo.

"Bwana Chitemo," alisema Waziri, "amejitokeza mzalendo mmoja aliye tayari kuishi jangwani. Ni shemeji yangu, lakini hilo lisikusumbue. Angekuwa mzalendo hata kama asingemwoa dada yangu."

"Hongera zake, Mheshimiwa. Ila nchi yetu haina jangwa."

"Ndiyo sababu nimekuita. Lukomba."

Ananias aliweka kikombe chini. "Mheshimiwa, Lukomba kuna mto."

"Majangwa makubwa yote duniani yana mto. Soma historia."

"Kuna misaji, Mheshimiwa. Ekari elfu tatu."

"Miti ni hali ya muda tu," alisema Waziri kwa upole. "Wewe ni mtaalamu, Bwana Chitemo, na mtaalamu hutazama mbali. Hebu tazama. Miaka michache ijayo, shemeji akishafika, unaona nini pale?"

Ananias akatazama mbali, na akaona. Aliona vizuri kabisa. Ndiyo maana baadaye, kila alipojaribu kujiambia kwamba hakujua, nafsi yake ilimcheka.

Waziri akaketi karibu naye, akauliza kwa sauti ya mjomba, "Binti yako anasoma wapi?"

"Shule ya msingi ya mtaani kwetu. Yupo darasa la tano."

"Wako wangapi darasani?"

"Mia moja na kumi, Mheshimiwa."

Waziri akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali yenye serikali mbaya. "Haifai. Haifai hata kidogo kwa mtoto wa mtaalamu." Akachukua karatasi ndogo, akaandika mistari miwili kwa mkuu wa Shule ya Watoto wa Viongozi, yenye maktaba, bwawa la kuogelea, na wanafunzi kumi na wanane kwa kila darasa. Akaiweka mezani. Kando yake akaiweka fomu ya aina ya ardhi.

Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza. Ananias alichomoa kalamu, akaandika: JANGWA. Herufi sita kwa ekari elfu sita, elfu moja kwa kila herufi.

Habari ilitangazwa siku hiyo hiyo redioni, kabla na baada ya wimbo wa taifa. Nyamazani nayo imepata jangwa, hatua kubwa ya maendeleo. Wizara ya Utalii ikatoa stempu. Wizara ya Mifugo ikaagiza ngamia kumi na wawili kutoka ng'ambo, ikawaachia katika mashamba ya mpunga, ambako kwato zao zilioza ndani ya wiki tatu. Mto ulipofurika ukasomba ngamia wawili, na daktari wa mifugo akaandika kwamba wamekufa kwa kiu, kwa sababu ndicho kifo pekee cha ngamia kilichoruhusiwa jangwani. Karani wa hali ya hewa wa Lukomba, kila alipoleta takwimu za mvua, aliambiwa kipimo chake ni kibovu, mpaka alipokigeuza kifudifudi. Tangu siku hiyo kikafanya kazi vizuri.

Wakulima wa bondeni walihamishiwa ukingoni mwa bonde, karibu na shule, kwa ajili ya usalama wao. Walielezwa kwamba binadamu hawezi kuishi jangwani bila mafunzo.

Kisha malori yakaanza kupita. Yalipita mchana kweupe, chini ya dirisha la ofisi ya Ananias, yamebeba magogo ya misaji kuelekea bandarini. Hati zake zilisema yamebeba mchanga wa kahawia, mrefu, futi ishirini. Mwanzoni Ananias aliyahesabu bila kutaka. Baada ya mwezi aliwaomba matarishi wamsaidie kugeuza meza, akawa anafanya kazi akiutazama ukuta. Lakini masikio hayana namna ya kugeuzwa. Kila lori lilipobadili gia kwenye kona, kalamu yake ilisimama.

Faraja alipendeza katika sare mpya. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alikuja na kitabu cha jiografia kinachonukia wino.

"Baba, tumesoma Jangwa la Lukomba leo. Mwalimu amesema wewe ndiye uliyeligundua."

"Amesema hivyo?"

"Ndiyo. Wenzangu wote wamenipigia makofi." Akafungua ukurasa wenye picha ya ngamia aliyesimama, kwa bahati mbaya, ndani ya maji. "Kuna joto sana huko?"

"Kula, mama," alisema Ananias. "Chakula kinapoa."

Yeye mwenyewe hakula.

Miezi minane ilipita hivyo. Mwezi wa tisa likaja faili kutoka Wizara ya Elimu, lenye muhuri wa haraka. Lilisema: kwa kuwa Shule ya Msingi Lukomba sasa iko jangwani, na kwa kuwa jangwani hakunyeshi, paa la shule hiyo ni matumizi mabaya ya mali ya umma. Mabati yake mia mbili na arobaini yaezuliwe, yapelekwe yanakohitajika. Na kwa kuwa ardhi ya jangwa haitoi kodi, fedha za madawati na vitabu zimesitishwa. Badala yake kila mwanafunzi atapewa miwani ya jua. Mpima aende, akague, atie saini Hati ya Kutohitaji Paa.

Ananias alifunga safari akiamini kwamba angewahi kuwazuia mafundi. Alipofika alikuta mabati yameshaondolewa wiki mbili kabla. Wizara ilikuwa imeamua kuokoa muda.

Mvua ilikuwa ikinyesha, ile ya kutulia, isiyo na haraka ya kwenda popote. Katika darasa la tano watoto walikuwa wamejibana kwenye pembe moja, penye kipande cha turubai. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye maji akiwafundisha kwa mdomo, kwa kuwa chaki haishiki ubao uliolowa. Baadhi ya watoto walikuwa wamevaa miwani ya jua, wakisema inasaidia maji yasiingie machoni.

Mwalimu huyo ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu, Hidaya Lwambo, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokauka kwa kushindana na mvua. Alimwona mgeni, akatoka, akamfutia kiti kwa upande wa kanga yake.

"Karibu, karibu sana. Umetumwa na Wizara kuja kuona?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Alhamdulillahi. Nimeandika barua nane. Nilijua siku moja watamleta mtu mwenye macho." Akageukia darasa. "Watoto, msalimieni mgeni."

"Shikamoo, mgeni!"

"Marahaba," alisema Ananias.

Mwalimu Hidaya alimzungusha shule nzima. Alimwonyesha madaftari yaliyovimba kama mikate, akamwonyesha na dawati la mbele lililokuwa tupu. "Hapa anakaa Sikudhani. Kifua kimembana kwa mvua hizi, yuko kituo cha afya wiki ya pili sasa. Wanasema ni mapafu. Mtoto mwenye akili sana, ila maswali yake yanachosha." Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Bwana mkubwa, kuna mtu huko kwenu aliyeandika kwamba hapa ni jangwa. Mimi simlaumu. Labda ramani yake ilikuwa ya zamani. Labda alikosea tu, kila mtu hukosea. Au siyo?"

Ananias alitazama lile dawati. Maji yalikuwa yamejaa kwenye kitundu cha kuwekea kalamu.

"Alikosea," alisema.

Neno hilo lilimtoka kwa urahisi zaidi kuliko lile la kwanza, na ndilo lililomuumiza zaidi. Lile la kwanza aliliandika mbele ya Waziri, kwa hofu. Hili alilisema mbele ya mwanamke aliyemfutia kiti.

Aliporudi mjini hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja wizarani, nguo zimelowa, akaiweka ile hati mezani bila saini.

"Mheshimiwa, nataka kusahihisha fomu. Lukomba si jangwa."

Waziri hakukasirika. Alimtazama kwa huruma. "Tufikiri pamoja, Bwana Chitemo. Kama si jangwa, basi ulimdanganya nani?"

"Serikali."

"Serikali hii ina vyombo vingapi vya usalama?"

"Tisa, Mheshimiwa."

"Basi haidanganyiki. Na kama haidanganyiki, hukuidanganya. Na kama hukuidanganya, ni jangwa." Akamkabidhi taulo ajifute. "Umechoka. Kumbe umekuja wakati mzuri, maana wiki ijayo ni Siku ya Jangwa na tutaiadhimisha Lukomba kwenyewe. Nitakuvika Nishani ya Mchanga, daraja la kwanza."

Siku ya Jangwa ilianza kwa manyunyu, ambayo ratiba iliyaita umande wa sherehe. Wanafunzi walipangwa mstari tangu saa moja, miwani usoni. Wageni waliketi katika jukwaa jipya lililoezekwa vizuri, na Mwalimu Hidaya, aliyekuwa amesimama na watoto wake mbele ya jukwaa hilo, aliinua macho akasoma maandishi yaliyopakwa rangi nyekundu kwenye kila bati: S/M LUKOMBA, S/M LUKOMBA, S/M LUKOMBA.

Waziri alihutubia saa moja na nusu. "Ndugu wananchi! Wenzetu walioendelea wana majangwa, sisi tulikuwa na nini? Majani! Tuliishi kwa aibu katikati ya majani! Leo tunasimama vifua mbele, wakavu, tukijivunia ukavu wetu!" Afisa Makofi wa Wilaya akainua bendera ya kijani, watu wakapiga makofi. Mvua ikaongezeka. Waziri akafunguliwa mwavuli, akaueleza umati kwamba ni wa kumkinga na jua.

Kisha Ananias akaitwa. Alivikwa nishani, akapewa kipaza sauti aseme asante. Alikuwa ameiandika hotuba ya shukrani, mistari sita, na alikuwa nayo mkononi. Aliwatazama watoto. Walikuwa wanatetemeka, lakini walikuwa wamefundishwa kusimama, na walisimama.

"Ndugu zangu," alisema, "aliyeandika kwamba hapa ni jangwa ni mimi."

Bendera ya kijani ikapanda. Makofi yakavuma.

"Sikukosea."

Makofi yakaendelea.

"Nasema sikukosea! Nilijua. Kuna mto hapa, kulikuwa na misaji hapa, na nilijua vyote siku nilipoandika. Niliandika uongo."

Makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja mmoja, yakaisha. Afisa Makofi alibaki na bendera juu, hajui aishushe au la. Kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakaisikia mvua.

Mwalimu Hidaya akapiga hatua moja mbele. Hakuwa na kipaza sauti, lakini hakukihitaji. "Wewe uliniambia huyo mtu alikosea."

"Nilikudanganya, Mwalimu."

"Ulipewa nini?"

Angeweza kusema alitishwa. Ni kweli pia, kiasi. "Mwanangu alipewa nafasi," alisema, "katika shule yenye paa."

"Yuko darasa la ngapi?"

"La tano."

"Sikudhani naye ni wa la tano," alisema Mwalimu Hidaya, akarudi mahali pake.

Waziri alikwishanyakua kipaza sauti. "Ndugu wananchi, mmejionea wenyewe ukali wa jua la jangwa! Mtaalamu wetu ameathirika kichwa! Apelekwe kivulini!" Walinzi wawili wakampeleka Ananias nyuma ya jukwaa, wakamwacha kwenye mvua, na sherehe ikafungwa kwa beti zote kumi na moja.

Lakini kuna jambo lililokuwa limebadilika, na lilionekana wageni walipotaka kuondoka. Gari la Waziri lilizama kwenye matope mpaka kwenye mlango. Dereva alikanyaga mafuta, likazama zaidi. Msaidizi wa Waziri akawaita wazazi waje wasukume, kama ilivyokuwa kawaida. Wazazi hawakusogea.

"Njooni msukume, jamani! Gari la Mheshimiwa limenasa!"

"Limenasa kwenye nini?" aliuliza Mwalimu Hidaya.

Msaidizi akamtazama Waziri. Waziri akatazama mbele. "Kwenye mchanga laini," alisema msaidizi.

"Pole sana. Sisi mchanga hatuujui, tunayajua matope tu. Angekuwa amenasa kwenye matope tungemtoa sasa hivi."

Walikaa hivyo karibu saa nzima. Maji yaliingia ndani ya gari, yakafika kwenye viatu vya Mheshimiwa, vilivyokuwa vya ngozi ya mamba wa kigeni. Hatimaye kioo kikashuka kidogo.

"Mnataka nini?"

"Mabati yetu, Mheshimiwa," alisema Mwalimu Hidaya. "Mia mbili na arobaini. Na useme tu ni nini hiki kilichokunasa."

Waziri wa Ardhi, Urithi na Mambo Yanayofanana na Hayo alifumba macho. "Matope," alisema, kwa sauti ndogo ambayo haikurekodiwa na chombo chochote cha habari. Wazazi wakasukuma. Gari lilipotoka, hawakusubiri barua. Jukwaa lilikuwa chini kabla ya jioni, na paa la darasa la tano lilikuwa juu.

Taarifa rasmi ilisema kwamba Mpima alipigwa na jua, na kwa hiyo maneno yake hayana uzito kisheria. Hakushtakiwa, kwa sababu kumshtaki kungehitaji kwanza kusema alichokisema. Alistaafishwa kwa maradhi. Jangwa likabaki jangwa kwenye ramani, na shemeji akabaki na miaka yake tisini na minane. Faraja aliondolewa katika Shule ya Watoto wa Viongozi wiki hiyo hiyo. Alilia, na Ananias alimweleza sababu yote, bila kuikata wala kuipamba. Binti hakumsemesha baba yake kwa siku nne.

Siku ya tano walifunga mizigo wakaenda Lukomba. Ananias alimkuta Mwalimu Hidaya akipigilia misumari ya dawati.

"Nimekuja kuomba kazi, Mwalimu. Yoyote."

Hidaya aliendelea kupigilia mpaka msumari ukaisha. "Sijakusamehe, Bwana Chitemo."

"Najua."

"Lakini sina mwalimu wa hesabu. Darasa la tano, watoto mia moja thelathini na wawili. Huyo binti ni wako? Mia moja thelathini na watatu. Aingie."

Muhula huo Sikudhani alirudi kutoka kituo cha afya, mwembamba, akikohoa kidogo wakati wa asubuhi, na maswali yake yakiwa yamelimbikizana. Somo la kwanza alilolikuta lilikuwa la eneo. Ananias aliwaeleza ekari ni nini, watoto wakaitikia kwamba wameelewa, ila Sikudhani akasema yeye hajaelewa ekari elfu sita ni kubwa kiasi gani. Basi Ananias akawatoa darasani, akawapeleka kuutembea mpaka wa bonde. Mlinzi wa shemeji alikuwa baba wa mmoja wao, akageukia upande mwingine.

Walitembea wakihesabu hatua. Kila walipofika kwenye kisiki walisimama, wakapima upana wake kwa viganja, wakaandika. Visiki vilikuwa vingi. Kufikia saa sita walikuwa wameumaliza upande mmoja tu, na baadhi ya madaftari yalikuwa yamejaa. Faraja alikuwa akiandika pamoja na wengine, bila kuinua uso.

Sikudhani aliketi juu ya kisiki kupumzisha kifua. Yeye hakuwapo Siku ya Jangwa.

"Mwalimu," aliuliza, "nani aliandika kwamba hapa ni jangwa?"

Watoto waliokuwa karibu waliacha kuhesabu. Ananias angeweza kusema ni Serikali, jibu ambalo katika Jamhuri Tulivu ya Nyamazani humaliza mazungumzo yoyote.

"Ni mimi," alisema.

Sikudhani alimtazama. Hakuonyesha kushangaa wala kukasirika; alifungua ukurasa mpya, akaweka daftari gotini, akashika penseli.

"Jina lako lote?"

"Ananias Chitemo."

"Ananias ina n ngapi?"

"Mbili," alisema, akachuchumaa kando yake, akamtajia herufi moja moja, polepole, akingoja kila moja aimalize.